Likizo ya Mbaruku

Mbaruku alikufa mwaka juzi, lakini kazi hakuacha. Sheria iliruhusu sauti ya marehemu kuajiriwa, mradi mjane alipwe kima cha chini cha mshahara. Kila alfajiri kipaza sauti cha kiwanda cha saruji kiliwaita makuli kwa sauti yake.

Siku moja mkewe alipita getini.

“Mama Chausiku,” sauti ikamwita, “nimechoka. Hata kuli ana likizo.”

“Ukipumzika, baba, tutakula mawe?”

Lakini usingizi ulimkataa. Kulipokucha akaenda ofisini kumdaia mumewe likizo.

“Likizo ya malipo ni ya walio hai,” karani alisema. “Huyu akinyamaza, tunamfuta.”

Mama Chausiku akaweka dole gumba kwenye fomu ya kumfuta.

Mshahara ukakoma. Chumbani wakafukuzwa. Chausiku akaacha shule, akaanza kubeba saruji, na anayemwita getini kila alfajiri ni marehemu wa watu wengine.