Kibuyu cha Ngiri

Kaa hakuwa mwepesi wa kuamini, na tangu viluwiluwi waanze kufa kijitoni, alimshuku Ngiri, aliyeshinda akigaagaa kwenye dimbwi lake, huko juu maji yanakotokea.

Siku ya kupima maji, Ngiri alileta kibuyu cha maji, akaapa ameyachota hapohapo chini, wanaponywa wote. Kwa ada ya mwenyeji akaonja kwanza, kuondoa shaka.

“Matamu, jirani zangu. Kijito chetu kizima.”

Wanyama wakashangilia. Kaa akanyoosha gando. “Nipe na mimi, bwana.”

Hakunywa. Aliyamimina taratibu juu ya jani, na kiluwiluwi mmoja akadondoka, akipiga mkia.

“Hapa kwetu wamekwisha wote,” Kaa alisema. “Huyu mzima umemchota wapi, kama si huko juu zaidi, kabla maji hayajafika dimbwi lako?”

Tangu hapo, anayetaka kupima kijito kile huchotewa na Kaa.