Rangi ya Boti ya Januarius

"Hiyo siyo nyekundu, Mayige! Hiyo ni damu ya kuku!"

Sauti ilitoka kwenye kiti cha kamba, upenuni. Mayige, mpaka rangi wa mabasi na mabango ya maduka pale Bariadi, aliiondoa brashi kwenye ubavu wa boti, akalitazama doa bichi alilolipaka, akaguna. Alikuwa ameingia uani hata mkono hajampa mtu, akaamriwa akalete makopo yake. Akaenda kuyaleta. Angefanyaje?

"Niweke ipi basi, Mzee Januarius?"

"Nyekundu ya zamani. Ya miaka ya sitini. Nyekundu yenye adabu!"

Watu walicheka. Ua ulikuwa umejaa; wengine walitoka Lalago, wengine Mwandoya kwa baiskeli. Boti iliyopandishwa juu ya matofali, katika mji usio na ziwa, siku zote ilikuwa na watazamaji wake.

Ng'washi, mke wa Januarius, alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani. Hakucheka.

Januarius alikuwa karani wa pamba wa chama cha ushirika. Chama kilipolegea na kampuni za watu binafsi zikaanza kununua pamba, alirudi nyumbani na wazo. Ujanani, kule Mwanza, aliwahi kuona boti ya Mzungu ikimvuta binti aliyesimama juu ya maji, mbao mbili miguuni, anacheka. Hakuisahau. Akauza ng'ombe wa mahari ya binti yao Sayi, akanunua boti chakavu, akaapa ataipeleka Lamadi ikavute watalii ziwani. Lakini kwanza ifanane na ile ya Mwanza: ubavu wa krimu, mstari mwekundu, mapezi mawili nyuma kama magari ya enzi hizo, viti vya ngozi yenye milia.

Hapo ndipo penye kazi. Enzi za duka la ushirika, rangi ilikuwa ile iliyopo. Ukikuta kijani, nyumba yako ni ya kijani, umemaliza. Soko huria lilipokuja, Jumbe Mzaramo akafungua duka la rangi karibu na stendi, na krimu peke yake zikawa za namna nyingi hata hazina majina. Januarius akapotea humo. Leo anachagua, kesho anatengua. Ubavu wa boti ukajaa mabaka kama ng'ombe wa madoa. Mchagua jembe si mkulima, Ng'washi alimwambia mara nyingi, akajibiwa kuwa wanawake hawajui mambo ya boti.

Sasa Ng'washi alikuwa amechoka, uchovu ule wa kuingia mifupani. Hakutaka tena watalii wala faida. Alitaka kusikia rangi moja ikitajwa na kubaki imetajwa, boti itoke uani iende majini, aamini kwamba ng'ombe wa binti yake hawakwenda bure. Na ilikuwa leo au basi. Trekta ilishafika, tela lake limefagiliwa, dereva analitazama jua.

"Mapezi!" sauti ya kitini ilifoka. "Nani kasema mapezi yawe meupe?"

"Wewe mwenyewe, mzee. Mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba nilikuwa na homa!"

Kikafuata kikohozi kile, kirefu, kinachokwama katikati na kuishia na "ehee". Watu waliangua kicheko, kisha ghafla wakanyamaza. Mama mmoja alijifunika uso kwa khanga. Mayige alifuta macho kwa kiwiko.

"Tina hii ya rangi," alisema. "Inachoma."

Aliyekaa kitini alipandisha mikono ya koti, maana lilikuwa limempwaya hadi vidoleni, akanyoosha fimbo.

"Rudia krimu. Hapana, acha. Lete bluu. Bluu gani hiyo? Ondoa!"

"Baba Sayi."

Ng'washi hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Watu wote waligeuka.

"Nimechoka, Baba Sayi. Kweli nimechoka. Taja moja tu. Nakuomba, usiondoke bila kusema."

Fimbo ilishuka taratibu. Aliyekaa kitini alimtazama, na aliposema tena, ukali ulikuwa umekwisha.

"Nimekusumbua sana, Mama Sayi. Boti ya ng'ombe wa mwanao, na sikukuuliza hata siku moja. Chagua wewe."

Ng'washi aliinuka, wanawake wakamshika. Aliitazama boti na mabaka yake yote. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Krimu," alisema. "Ile ya kwanza kabisa, kabla hajaanza kubabaika. Na mstari mwekundu. Paka, Mayige. Usingoje neno la mtu mwingine."

Mayige alichovya brashi, akavuta mstari mmoja mrefu kutoka puani mwa boti hadi nyuma. Hakuna aliyempinga.

"Haya, jamani," mtu aliita kutoka mlangoni. "Jua linakwenda."

Jumbe Mzaramo akasimama kutoka kitini, akavua kofia na koti la mtani wake, marehemu aliyekuwa akimwigiza kama watani wafanyavyo msibani, akayaweka mikononi mwa mjane, kisha akaingia ndani kusaidia kulitoa jeneza.