Mkono wa Jikoni

Siku hizi gesi haimwakii kila mtu. Kila mtungi unautambua mkono mmoja tu wa nyumba, na mwingine akigusa jiko, haliwaki.

Mwanahamisi aliporudi Tanga baada ya arobaini ya mama yake, alizungusha swichi ya jiko lake la miaka kumi na moja. Likanyamaza kama jiwe.

"Nilimsajili Zaituni, yule jirani," alisema mumewe, Shekue, macho yakiwa mlangoni. "Siku zote hizo ningekula nini?"

Mkono wa zamani haurudishwi mpaka wenye mikono wote wawili wawepo, kwa hiyo Zaituni akaitwa. Alipogusa tu, moto ukachanua buluu, mpole, kama uliokuwa ukimngoja.

"Weka kiganja juu ya changu, dada."

Mwanahamisi akakiweka kwa wivu. Kiganja cha Zaituni kilikuwa laini. Jiko likalia mlio mmoja, Zaituni akaaga, akaenda zake.

Jioni Mwanahamisi alipika samaki wa nazi kama alivyopika siku zote. Shekue alimega tonge, akatafuna polepole, kisha akaomba chumvi.

Miaka kumi na moja, hajawahi kuomba chumvi.