Salamu za Kijiko

Hii ni kweli tupu, haikutiwa chumvi hata punje, na anayebisha akaulize meza namba kumi na nne. Mzee mmoja, mstaafu wa posta, ambaye bila miwani hatofautishi mbuzi na mkokoteni, alisimama juani katikati ya soko la vyakula akamsomea mkewe ujumbe wa simu kuanzia juu hadi chini bila kukwama. Miwani ilikuwa mfukoni.

"'Mama, ukifika hapo anza na supu,'" alisoma. "'Supu ya samaki, kibanda cha nne kutoka ngazi za kivuko. Usimsikilize Baba, atakuzungusha soko zima mguu uvimbe.'"

"Kibanda cha nne kakijuaje?" mkewe aliuliza.

"Meli yao si ilitia nanga hapa mwaka juzi? Mpishi wa meli akishuka bandarini huenda wapi, Mama Kijiko? Maktaba?"

Mkewe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mzee akalipokea tabasamu lile kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Walikuja kwa siku mbili tu. Mama yule alikuwa mshonaji wa sare za shule, cherehani yake ikisikika hadi nyumba ya tatu. Tangu mwezi wa nne chakula kilikuwa kimemshinda. Alionja mara mbili, akasukuma sahani. Gauni alilojishonea kwa mkono wake sasa lilimpwaya kama la kuazima. Daktari alipima damu, akapiga na picha, hakuona ugonjwa. Kisha akamvuta mzee kando. "Mzee wangu, dawa sina. Akiendelea hivi, mwaka hatumalizi naye. Tafuta namna yoyote ale."

Namna ilikuwa moja tu: mtoto wao wa pekee. Nyumbani walimwita Kijiko, maana tangu anatambaa hakutoka jikoni, anaonja sufuria kabla ya wenyewe. Sasa alipikia mabaharia upande wa pili wa dunia, mahali ambapo mtandao, kwa maelezo ya mzee, ulitosha kuandika lakini haukutosha kupiga. Salamu zake zikisomwa, mama alikula. Na Kijiko hakuwa mchoyo wa salamu. Siku hizi aliandika asubuhi, mchana na jioni, kama dozi.

Wakakaa kando ya uzio, maji yakipiga nguzo chini ya miguu yao. Supu ikaja inafuka. Mama akapuliza, akanywa. Mzee supu yake hakuigusa, macho yote kwenye bakuli la mwenzake. Kufika nusu, mama akaegemea nyuma. Simu ikatoka.

"'Mama, nakuona umeacha. Hiyo si ndiyo tabia uliyokuwa ukinichapia?'"

"Ananionea wapi?"

"Setilaiti," mzee alisema bila kupepesa macho. "Mabaharia wa siku hizi wanapewa. Haki ya Mungu. Juzi alimwona jirani yetu anachota maji kwenye bomba letu, akaniambia mpaka rangi ya ndoo."

"Rangi gani?"

"Hilo alisema ni siri ya kazi."

Mama akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini supu ilitaka kumtokea puani, ikabidi ajishike kifua. Akaimaliza. Akaagiza samaki wa kuchoma, akamkamulia ndimu, akamchambua hadi miiba ikabaki myeupe. Akalamba na kidole gumba, kama zamani. Mzee akageuka kukitazama kivuko, akakitazama muda mrefu kuliko kivuko kinavyostahili.

"Unalia?"

"Moshi wa jiko."

"Upepo unatoka kwetu kwenda jikoni, Baba Kijiko."

Mwenye kibanda alikuwa amekuja, anafuta mikono kwenye aproni, anauliza kama kuna kingine au wanafunga hesabu.

"Leo tumealikwa," mzee alimwambia mkewe, simu tayari mkononi. "Mtoto kasema atamtumia huyu mwenye kibanda hela moja kwa moja. Sikiliza: 'Baba, usiguse pochi. Chakula cha Mama nalipa mi—'"

Mama akaweka kiganja juu ya simu, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Inatosha, mzee wangu," alisema. "Nimekula, umeniona. Na kesho nitakula, hata kama hakuna salamu. Sasa mwache mtoto apumzike."

Mzee akaishusha simu mezani.

"Ile barua ya rambirambi ya watu wa meli uliificha ndani ya bitana ya koti lako," mama aliendelea, sauti ya chini kabisa. "Unamficha nani, mimi mshonaji? Mishono yenyewe kama ya mtu anayeshona gunia. Niliisoma mwezi wa nne. Nikairudisha palepale, nikapashona upya, isije ikadondoka ukajua kwamba najua."

Mwenye kibanda akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Kila ulipomsoma mtoto, uso wako ulikuwa unarudi," mama alisema. "Nikaona nikikunyang'anya na huyo, utabaki na nini. Haya, lipa. Mwenzetu ana wateja."

Mzee akatoa pochi, akalipa.