Jogoo wa Shukrani

Simu ilitetemeka mkononi mwa Elifrida wakati jogoo wa mama yake akinadiwa nje ya kanisa la Maisaka baada ya ibada.

Mama alimtoa sadaka kumshukuru Mungu kwa ajili ya binti yake, aliyenasa molekuli kwa mwanga wa leza huko ng'ambo. Mchungaji alishatangaza, na picha ilishazunguka kila benchi: nukta nyeupe katikati ya giza, molekuli zilizopozwa mpaka zikatulia.

Ujumbe ulitoka kwa mwenzake wa maabara. "Leo nimefunga gesi ya molekuli. Nukta bado ipo."

Elifrida alielewa palepale. Bila gesi hakuna molekuli. Kilichong'aa kwenye picha kilikuwa leza yenyewe, ikirudishwa na kioo. Jaribio hilo la kufunga gesi lilikuwa kazi yake. Aliliruka kwa sababu alitaka kuja nyumbani na habari.

Mzee wa kanisa akashinda mnada. Alimchukua jogoo, akapita katikati ya watu hadi mbele ya Elifrida.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ninakupa wewe. Sisi huku tunakamata kuku tu."

Watu wakacheka. Mama yake alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Elifrida akatia simu mfukoni. Halafu akanyoosha mikono yote miwili.

Jogoo alikuwa na joto. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwa katani, na chini ya manyoya moyo wake ulidunda kwa nguvu kwenye viganja vyake.