Macho ya Mke wa Kioo

"Tazama unakotaka," Kioo alimwambia mkewe. "Usijilazimishe."

Alikuwa amemkalisha kwenye baraza ya hoteli, meza moja na mwenye hoteli, bahari ikiwa nyuma yao. Aliwaambia ni picha ya kupamba mapokezi. Uongo mtupu. Ulikuwa mtego.

Siku hizi mkewe alikuwa ameanza kuimba jikoni, kuvaa hereni siku za kazi, na kumpa mumewe chai bila sukari. Aliyemfumbua Kioo macho ni mdogo wake waliyekuwa wakiishi naye.

"Kaka, yule mwenye hoteli mwangalie vizuri. Shemeji anacheka naye mno."

Kugombana Kioo hakuweza. Alichoweza ni kuchora, na mkono wake haukuwa na simile: ulichora kilichopo. Ndiyo maana wakamwita Kioo. Ukiwa na chunjua puani, utaikuta kwenye picha, upende usipende. Kama mezani pale palikuwa na mapenzi, rangi zingeyasema.

Akaketi kwenye kigoda chake. Mdogo wake akasimama nyuma yake na mwavuli, akimkinga jua asubuhi nzima bila kulalamika. Huyu ndiye ndugu, Kioo aliwaza.

Picha ilipokauka aliisimamisha sebuleni kwenye stendi ileile aliyoichorea, akaikagua kwa moyo wa mashaka. Mwenye hoteli alikuwa amekikodolea macho kikombe chake, nusura apige miayo. Kati yake na mwanamke yule palikuwa na bahari tupu, na magoti yao yalielekea pande tofauti. Mwanga wote ulikuwa umekusanyika usoni kwa mkewe. Hakumtazama jirani yake hata kidogo. Alitazama mbele, upande wa mchoraji, kwa mapenzi ambayo Kioo hakuwa ameyaona tangu harusi yao.

Aibu ikamshika. Machozi yakamlengalenga.

"Tumemwonea bure," alimwambia mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ananitazama mimi."

"Nilikosea, kaka. Nisamehe."

Kioo akavuta kigoda, akaketi mbele ya picha kama alivyoketi siku ile, ayapokee vizuri macho ya mkewe. Tabasamu likamganda mdomoni. Macho yale yalimpita juu ya kichwa.

Hakugeuka.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "hebu njoo usimame hapa nyuma yangu."

Mdogo wake hakusogea.