Upande wa Kibla

Jeneza lilipofika makaburini, Vuai alikuwa bado shimoni, jasho likimtiririka. Alikataa kusaidiwa. Kaburi la kaka yake, Shaame, angelichimba mwenyewe.

Mzee Faki akachungulia ndani.

"Vuai, mwanandani umechimba upande gani?"

Vuai akageuka. Lile tundu la kumlazia maiti, ubavuni mwa kaburi, alikuwa amelitoboa upande wa pili, mgongoni mwa kibla.

"Kaboronga tena," mtu akanong'ona. "Hata leo!"

Banda alilolijenga Vuai lilipoanguka, aliyelisimamisha alikuwa Shaame. Posa aliyoivuruga kwa mdomo wake mchafu, Shaame ndiye aliyekwenda kuwaangukia wakwe. Wala hakuwahi kumkaripia. Kila mara alikunja mikono ya shati, akasema: "Sogea, mdogo wangu. Niachie mimi."

"Toka tuchimbe upya," Mzee Faki akasema. "Maiti hangojeshwi."

Watu wawili wakamnyooshea mikono wamvute. Vuai hakuishika. Alisimama palepale na jembe lake, macho kayakaza kwenye jeneza, akisubiri kuambiwa asogee.